Ndafu Mbele ya Asiye na Njaa

Kwenye harusi za Moshi, ndafu ikiingia hata waliokuwa nje wakipokea simu hurudi ukumbini. Mbuzi mzima aliyebanikwa, kapambwa majani, anabebwa kwa shangwe na muziki umepandishwa mpaka viti vinatetemeka. Geuza macho uangalie meza za nyuma. Kuna wageni watatu ambao hawatakula. Wa kwanza amefunga: nyama anaitamani, ila ana ahadi na Mungu wake. Wa pili anaumwa jino. Likishang'olewa atakula kukushinda wewe. Wa tatu hana ahadi wala jino bovu. Nyama hajawahi kuipenda tangu alipoachishwa ziwa, na harufu ile inayokutoa udenda kwake ni moshi kama moshi mwingine. Amefurahi na maharusi, amecheza, na mchango wake wa kamati aliutoa mapema kuliko wajomba. Lakini ndiye atakayeandamwa usiku kucha: onja hata kidogo.

Ninaye jirani wa namna ya huyo mgeni wa tatu hapa Pasua, isipokuwa kwake si habari ya nyama. Anakaribia miaka arobaini, ni fundi, na mikono yake ina akili. (Kazi yake hasa na umri wake nimevigeuza kidogo, Pasua ni ndogo kuliko inavyoonekana.) Usiku mmoja umeme ulikatika, tukakaa barazani tukingoja urudi, na giza likamfungua mdomo. "Kaka," aliniambia, "mimi tangu nibalehe sijawahi kumtazama mtu, awe mwanamke au mwanamume, nikautaka mwili wake. Mtu mzuri namwona. Namwona kama ninavyouona mlima asubuhi ukiwa hauna mawingu. Nautazama, halafu nakwenda zangu kazini."

Pasua iko kusini mwa mji, chini, mbali na hewa ya baridi ya migombani. Nyumba zimebanana, wapangaji wanagawana ua mmoja, bomba moja na kamba moja ya kuanikia nguo. Mchagga wa Kibosho anapakana ukuta na Mpare wa Same, na ukuta wa tatu ni Mrangi wa Kondoa. Adhana ya alfajiri inamwamsha anayekwenda misa ya kwanza. Mahali kama hapa, chumba cha mwanamume ambacho hakijawahi kuingia mwanamke hakihitaji mpelelezi. Kamba ya nguo peke yake inatoa ushahidi.

Basi watu walimpa majina. Kapera, lilikuwa la heshima. Halafu yakaja ya matusi: hanithi, hana nguvu. Vijana wa stendi walimwekea mezani karatasi ya tangazo la dawa ya nguvu za kiume, kwa utani ambao haukuwa utani. Mama yake, mwanamke mcha Mungu, hakukubali hata moja ya majina hayo. Yeye aliamini mwanawe amekaliwa na jini mahaba, yule jini mwenye wivu anayesemekana huoa binadamu na kuwafukuza wachumba wa kweli. Akapelekwa kuombewa. Akapelekwa kwa mganga. Kabla ya hapo alikuwa amepelekwa hospitali, akapimwa damu na homoni, akaambiwa ni mzima. Inashangaza jinsi jibu la kwamba mtu ni mzima linavyoweza kuwakasirisha waliomleta.

Nisieleweke vibaya juu ya hospitali. Mtu aliyekuwa na hamu kisha ikamtoka ghafla, huyo aende akapimwe, maana kisukari, sonona na hata baadhi ya dawa za shinikizo la damu huweza kuiondoa. Huyo ni mwenye jino. Jirani yangu hakupoteza kitu, kwa kuwa hakuwahi kuwa nacho.

Ajabu ni kwamba lugha yetu ilikwisha kugawa mambo haya zamani. Tunasema ashiki, tunasema hamu, tunasema uchu na nyege. Kisha mbali na hayo tunasema huba, upendo, pendo, mapenzi. Mswahili hakuweka yote haya kwenye kapu moja. Anajua unaweza kumwonea mtu uchu bila kumpenda hata chembe, na hilo halimshangazi. Ni ule upande wa pili wa shilingi hiyo hiyo, upendo usio na uchu, ndio tunaougeuza ugonjwa. Neno letu la mtu wa namna hii bado halijatulia. Mseja halimfai, maana mseja ni yule aliyefunga: useja ni sadaka, na sadaka ni ya kitu unachokitaka. Hanithi linamsingizia udhaifu ambao pengine hana. Walioandika habari zake katika nchi za Magharibi huiita hali hiyo aseksualiti, nami nitaliazima neno hilo mpaka wenye lugha watakapopata lao.

Wanaosema ni jambo jipya lililoletwa na simu, wafungue vitabu ambavyo wamevifunika kwa vitambaa vyeupe kabatini. Katika Mathayo 19, aya ya 12, Yesu anataja matowashi wa aina tatu: waliozaliwa hivyo kutoka tumboni mwa mama zao, waliofanywa hivyo na watu, na waliojifanya hivyo kwa ajili ya ufalme wa mbinguni. Huyu wa kwanza mahubiri mengi humruka, tukakimbilia wa tatu kwa sababu anatupatia mapadri. Upande wa pili wa ukuta, Sura ya An-Nur, aya ya 31, inapohesabu watu ambao mwanamke hana lazima ya kuwaficha mapambo yake, inawataja pamoja na wengine wanaume wahudumu wasio na haja na wanawake. Wafasiri wametofautiana ni akina nani hasa, wazee au wenye upungufu wa akili au wengineo. Mimi sidai kwamba aya hizi zinamzungumzia jirani yangu. Ninachosema ni kwamba katika mahesabu ya watu, vitabu vyote viwili viliacha kiti, na wala hakuna kinachoamuru aliyekikalia apelekwe kwa mganga. Tena Imam Nawawi, ambaye mkusanyiko wake wa hadithi arobaini husomwa madrasa nyingi za nchi hii, alifariki mwaka 1277 bila kuoa. Elimu ndiyo iliyomshughulisha. Hakuna mwanafunzi anayemsoma huku akiuliza kama alikuwa na jini.

Wataalamu wa Ulaya walichelewa, na walipofika walianza vibaya. Mwaka 1886 daktari Richard von Krafft-Ebing alitoa kitabu kikubwa cha kuorodhesha maradhi ya tamaa za watu, na kutokuwa na tamaa kabisa akakuweka humo humo. Mwaka 1948 Mmarekani Alfred Kinsey, aliyeanza kama mtaalamu wa wadudu kabla ya kuhamia kwa binadamu, alitengeneza kipimo cha kuanzia 0 hadi 6 cha kuonyesha mtu anavutwa na nani. Akakuta wapo ambao hawakai popote kwenye kipimo hicho. Akawapa herufi X, akaendelea na safari yake. X ni alama ya mwalimu aliyekutana na jibu ambalo halimo kwenye karatasi yake ya masahihisho.

Ikafika 1980, mwaka wenye kichekesho. Mwanasaikolojia Michael Storms wa Kansas aliandika kwamba kipimo chenye mstari mmoja hakitoshi: kuvutwa na wanawake na kuvutwa na wanaume ni mistari miwili tofauti, na mtu anaweza kuwa chini katika yote miwili pasipo kuwa na kasoro. Mwaka huo huo, chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilitoa mwongozo mpya wa magonjwa, na hamu ndogo ikaandikwa kuwa ugonjwa. Yaani mlango ulifunguliwa na kufungwa katika kalenda moja. Ilipita zaidi ya miaka thelathini mpaka mwongozo wa mwaka 2013 ulipoweka kwamba mtu anayejitambua hivyo na kueleza hali yake kwa namna hiyo, asiandikiwe ugonjwa.

Katikati ya miaka hiyo waliosukuma mambo ni wenyewe, wala si madaktari. Mwaka 2001 mwanafunzi wa chuo huko Marekani, David Jay, alianzisha jumuiya ya kuelimishana iitwayo AVEN, na watu wa nchi mbalimbali ambao kila mmoja alidhani yuko peke yake duniani wakaanza kusikilizana. Mwaka 2004 Anthony Bogaert wa Kanada alichambua utafiti uliofanyika Uingereza kwa watu zaidi ya 18,000. Walioeleza kwamba hawajawahi kuvutwa na mtu yeyote walikuwa 195, kama asilimia moja. Uingereza si Pasua, na sitaichukua asilimia yao niipande huku kama mche wa kahawa. Hata hivyo idadi hiyo ilinituliza nilipoisoma, kwa sababu jirani yangu alikuwa ameniuliza usiku ule, kwa sauti ya mtu anayeomba maji: "Hivi niko mwenyewe?"

Waliohojiwa kwa miaka hiyo wameonyesha pia kwamba hawafanani. Wapo wanaotaka mwenzi wa kuzeeka naye, wapo wanaotaka watoto, wapo wanaotaka kuachwa na vitabu vyao. Jirani yangu ni wa kundi la kwanza. Alitaka mtu wa kunywa naye chai na kubishana naye kuhusu mpira.

Lakini mimi nilitaka kujua wazee wetu walifanya nini, wazee wa kule juu ambako migomba inafunika nyumba. Nitasema ukweli: hawakuwa wapole kama tunavyowapamba siku hizi. Kwa Mchagga wa zamani, kufa bila mtoto kulikuwa ni msiba ndani ya msiba, kwa sababu anayekukumbuka na kukumwagia mbege, pombe yetu ya ndizi, ni uzao wako. Kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, kilitoka kwa baba kwenda kwa mwana, mtoto wa mwisho akibaki na nyumba ya wazazi, na asiye na uzao alikuwa kama mto uliokauka kabla ya kufika tambarare. Vijana walifundishwa haya kwa mregho, fimbo yenye alama za kuchongwa, kila alama na somo lake.

Hata hivyo walikuwa na jicho ambalo sisi tumelipoteza. Walijua kwamba nyumba, uzao na tamaa ni kamba tatu, na kwamba moja ikikatika nyingine mbili zinaweza kufungwa vinginevyo. Tazama Wakuria wa Tarime na nyumba ntobhu yao. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari, anamwoa mwanamke mdogo, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake. Baina ya wawili hao hakuna kitanda. Wanandi wa Kenya wanayo ndoa inayofanana na hiyo. Siisifu yote, kwa kuwa wasichana wengi waliotolewa mahari namna hiyo hawakuulizwa wanataka nini. Lakini anayesimama leo na kudai kwamba Mwafrika hakuwahi kuitenganisha ndoa na tamaa ya mwili, aanzie safari yake Tarime.

Kwetu mlimani, mlango mwingine ulifunguliwa na misheni. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika Kilema miaka ya mwanzo ya 1890 walikuja na jambo geni kabisa, mwanamume mzima aliyekataa kuoa na bado akaheshimiwa. Mwaka 1931 likaanzishwa huko Rombo shirika la Masista wa Mama Yetu wa Kilimanjaro, na sasa binti wa Kichagga akawa na jibu la kumpa baba yake mahari ikiwa imekaribia. Wengi waliingia kwa wito, wakiacha kitu walichokitaka. Sina shaka miongoni mwao walikuwapo wachache ambao hawakuwa na cha kuacha, na ambao shela iliwapa jina la heshima kwa hali waliyozaliwa nayo.

Shangazi yangu hakuvaa shela. Alikataa wachumba watatu, akabaki kihambani kwa mdogo wake wa mwisho, na hakuna aliyemwita mgonjwa. Alikuwa na kigoda chake kwenye vikao vya ukoo. Gharama ya kigoda hicho ilikuwa kumuuguza kila mgonjwa, kulea kila mtoto aliyeachwa, na kupalilia migomba ambayo hakurithi hata shina moja. Nilipokuwa mtoto niliona ana furaha. Nilipokua nikaanza kuhesabu kazi zake, na hesabu hiyo sijaimaliza.

Sasa nirudi kwa jirani yangu, maana nimeficha sehemu ya habari. Alioa.

Dawa zote ziliposhindwa, ukoo uliamua kwamba ndoa yenyewe ndiyo dawa. Akatafutiwa binti wa Uru, fundi cherehani, msichana wa adabu na ucheshi. Mbege ikapelekwa, mahari ikatolewa, na ndafu ikaingia ukumbini. Jirani yangu alikubali kwa sababu mama yake alilia, na pia kwa sababu alitumaini kwamba labda wanajua kitu asichokijua. Walioketi kupanga walikuwa wanajua kila kitu. Binti hakuambiwa neno.

Kwa miezi minane alijilaumu. Alinunua khanga mpya, akafunga na kuomba, akamuuliza mama yake, naye mama akamjibu kwa methali kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, avumilie kama wenzake. Masikini, alikuwa amekilalia. Hakukuwa na kunguni hata mmoja. Kulikuwa na mume mwema anayempelekea chai kitandani na kumgeuzia mgongo. Methali zetu zimemwandaa bibi harusi kwa mlevi na kwa mkali. Kwa huyu hazikumwandalia kitu.

Mwishowe binti akarudi kwao Uru. Shauri likafika kwenye baraza la usuluhishi, na hapo ndipo nilipojifunza inavyosema Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 39 kinasema ndoa inaweza kubatilishwa iwapo mmoja alikuwa hawezi kuitimiza kimwili, au ikiwa haikutimizwa kwa sababu mmoja alikataa kwa makusudi. Kutoweza, au kukataa. Jirani yangu alisimama katikati ya maneno hayo mawili asijue aingie wapi. Hakuwa hawezi. Wala hakuwa amemkataa mkewe kwa kiburi. Aliwahi kumwambia hapendi mtu mwingine duniani kuliko yeye, na sidhani alidanganya. Nikakumbuka ile X ya Kinsey.

Watu wa mtaani tulimhurumia yeye. Mimi mwenyewe nilimhurumia yeye, nikampa ushauri, nikamletea habari za 2001 na 2004 kama mtu anayeleta matunda kwa mgonjwa. Aliyenizindua ni babu mdogo wa ukoo wao, mzee aliyefanya kazi reli tangu ujana, aliyeteremka Pasua na fimbo yake siku ya Jumapili. Alisikiliza maelezo yote, ya jini, ya homoni, na ya Wazungu wangu pia. Akasema, "Kijana alivyo ndivyo alivyo; nimewaona wawili kabla yake, mmoja alikuwa kaka yangu. Hilo si shauri. Shauri ni kwamba mlikunywa mbege ya watu mkiwa mnajua."

Hakuna aliyemjibu. Mama wa kijana alijifunika khanga usoni.

"Zamani," mzee akaendelea, "kabla ya mahari tulituma watu wakaulize. Tuliulizia magonjwa ya ukoo, wizi, uchawi, uvivu wa mama mkwe. Na sisi tuliulizwa, tukasema. Ukificha ng'ombe mwenye kasoro ukamuuza, utamrudisha. Sasa mmemfichia binti wa watu, mnataka kurudisha nini?"

Kwa Wachagga jani la sale halihitaji hotuba. Ni mmea ule ule unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba, na anayekuja kwako ameshika jani lake amekuja kukiri kosa. Kumfukuza ni jambo zito. Jumamosi iliyofuata tulipanda Uru, wazee wanne, kijana, mbuzi mmoja na mimi, ambaye niliitwa kwa sababu ndiye mwenye gari. Mzee wa reli alitangulia na jani mkononi. Baba wa binti alitoka, akaliona, akakaa kimya muda mrefu huku kuku wakitupitia miguuni.

"Meku," akamwambia mzee wetu mwishowe, "mlijua?"

"Tulijua, baba."

Akalipokea jani. Hakututolea mbege. Akasema aliyekosewa si yeye, akamwita binti yake kutoka jikoni. Alitoka amejifunga kanga kiunoni, mikono ina unga. Kijana alimwamkia, akajaribu kuanza maneno aliyokuwa ameyafanyia mazoezi njia nzima ndani ya gari, yakamkauka. Binti alimtazama kwa muda, na sikuona hasira. Niliona mtu anayepanga upya miezi minane kichwani mwake, siku moja baada ya nyingine, akijitoa lawama.

"Kwa hiyo sikuwa mimi," alisema.

"Hukuwa wewe."

Akafuta mikono kwenye kanga. Akauliza kama cherehani yake bado iko chumbani Pasua, ile ya miguu, na kama mkanda wake ulishabadilishwa. Kijana akasema aliubadilisha mwenyewe wiki ya kwanza alipoondoka, akaitia na mafuta. Basi iletwe, akasema binti, ana sare za shule za kushona kabla ya Januari. Tuliipeleka Jumatatu.